Asante Saba za Sefakor

Jumatatu, tarehe 4 Februari

Dada yangu Yawa, nakusalimu. Namsalimu shemeji Kpeglo na mgongo wake, natumaini umenyooka. Nawasalimu Elikem, Makafui na yule mdogo Sitsofe anayekula udongo, bado anakula? Namsalimu mama mkwe wako, mwambie nimemsalimu kwanza kabla ya watoto hata kama si kweli. Nawasalimu wapangaji wote wa Ashaiman, na yule mwenye cherehani. Sisi hapa Anloga wazima. Vitunguu vinakwenda vizuri, Mungu ashukuriwe. Mimi mdogo wako Abla mzima, ila nina jambo.

Naandika kwenye daftari kidogo kidogo kila siku, kisha nitampa dereva wa lori la vitunguu akuletee. Simu haifai. Nyumba yetu ukinong'ona jikoni chumbani wanaitikia, na wewe kwenye simu lazima nipige kelele. Sefakor atasikia. Na habari yenyewe ni ya Sefakor.

Binti yangu amerudi! Miaka kumi na miwili Ujerumani akiosha miguu ya wazee wa watu, na amerudi na meno yake yote. Kila asubuhi namtazama amelala namshukuru Mungu. Lakini tiketi yake ina siku ya kurudi. Jumapili ya tarehe 17. Ameniambia wazi, maana sasa kila kitu anasema wazi: akipata kile chumba cha ukoo kilicho barabarani, kinachokaa bure na panya, atafungua kazi yake ya kutunza miguu, abaki. Asipopata, anaondoka. Mwenye neno ni Togbi Agbeko, mkubwa wa ukoo wa marehemu baba yake.

Ijumaa tulikwenda. Togbi akasema chumba hicho si kibaya, akampa na samaki wa kukaushwa. Ungefurahi! Sefakor akasema asante. Akasema tena. Nilihesabu, asante saba, papo hapo, samaki bado yuko mkononi mwa mtoaji. Nikasema sawa, furaha. Jumamosi alfajiri nikamwamsha twende tukashukuru. Akasema, "Mama, si nilishashukuru? Nikirudi tena si nitamsumbua mzee?" Akajifunika shuka.

Yawa! Nani ameshukuru siku ile ile akaishia hapo? Asante lazima ilale, iamke, ioge, ndipo iende kwa mwenyewe alfajiri. Ile ya papo hapo ni ya tumbo tu. Sasa Togbi amenyamaza siku tatu. Na leo bombani jirani yangu Mama Kekeli kaniambia mbele za watu, "Mwanao kashukuru yote siku moja, kamaliza, kafunga duka." Wakacheka. Nikacheka pia, nikamwaga maji yangu nusu.

Mimi mwenyewe ananishukuru. Nikimpa maji, asante. Nikimpa akple, asante. Mimi niliyemzaa! Jana nilimpisha mlangoni, asante. Nikamwambia mtoto hamshukuru mama kwa chakula, kwani mimi hoteli? Akaniomba radhi. Kisha akanishukuru kwa kumweleza.

Nimepata njia. Kesho nitakwenda mwenyewe kushukuru kwa niaba yake. Nitasema ana homa.

Jumanne, tarehe 5 Februari

Nimekwenda saa kumi na moja alfajiri. Togbi ameketi, miguu kaifunika kitambaa. Chumba kinanukia poda ya watoto. Chini ya poda kuna harufu nyingine. Nikatazama ukutani, kuna kalenda nzuri. Nikamwuliza amelalaje, akasema vizuri. Watoto? Wazima. Wajukuu? Wazima. Nyumba? Nzima. Nikashukuru kwa samaki na kwa maneno ya chumba, nikasema Sefakor angekuja kwa magoti ila ana homa kali, hawezi hata kuinua kichwa. Togbi akasikitika. Nilirudi nikiimba.

Saa nne wake wawili wa Togbi wanabisha hodi. Wameleta majani ya kuchemsha ya mgonjwa. Mgonjwa yuko uani anaruka kamba! Amevaa kaptura! Jasho linamtoka, anahesabu kwa Kijerumani.

Mke mkubwa akanigeukia, "Mama Sefakor, homa ya Ulaya ndiyo inaruka hivi?" Nikasema anaitoa kwa jasho. Ningeokoka hapo, Yawa. Lakini Sefakor akasimama, akauliza homa gani. Yeye haumwi. Nani kasema anaumwa? Nikamkonyeza. Akaniuliza kama jicho langu limeingiwa na kitu.

Wale wanawake wakaacha majani, maana walishayachuma. Sefakor akawashukuru mara tisa. Hadi getini.

Jumatano, tarehe 6 Februari

Sikulala, lakini nimeamka na akili. Nimemfundisha kukohoa. Siyo yeye akohoe, nikohoe mimi. Nikikohoa mara moja: acha kushukuru. Mara mbili: uliza habari za watoto. Mara tatu: funga mdomo kabisa. Akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akanikumbatia, akasema kama itanifurahisha atafanya. Mtoto mzuri sana. Tukajaribu asubuhi nzima, ufagio ndio ukawa Togbi. Alifanya vizuri kuliko mimi.

Mchana tukaenda kujaribu kwa Mama Kekeli, maana kaletewa mjukuu. Mungu wangu! Tunaingia tu, jikoni wanakaanga pilipili. Moshi umejaa ukumbini. Mimi nikakohoa. Mama Kekeli akakohoa. Mtoto akakohoa. Sefakor akamwuliza Mama Kekeli watoto hawajambo? Hawajambo. Nikakohoa tena. Watoto hawajambo? Nakwambia aliuliza mara kumi na moja! Mama Kekeli akasema kama kuna mtoto wake aliyekufa na sisi tumepata habari kabla yake, tumwambie. Hapo nikashikwa na kikohozi chenyewe, nikainama. Sefakor akafunga mdomo kabisa. Nusu saa hakusema neno. Ameketi wima kama picha ya pasipoti. Akaletewa supu ya bamia, akala kimya. Mama Kekeli akamwuliza supu ikoje, akanitazama mimi, akatikisa kichwa.

Jioni habari imefika sokoni na kurudi: baridi ya Ulaya imemla binti wa Abla ulimi, umebaki kipande.

Ijumaa, tarehe 8 Februari

Jana sikuandika, nilikuwa napanga. Kosa langu la kwanza lilikuwa kujificha. Dawa ni kwenda mchana kweupe, yaani alfajiri, nyumba zote sita zilizompa kitu tangu afike, ashukuru mwenyewe kwa mdomo wake, mtaa uone. Togbi atasikia tu. Nikamwomba Sefakor. Akakubali. Akachukua karatasi, akaandika majina na saa. Saa kumi na moja na robo, Mama Kekeli, dakika saba. Nikamwuliza dakika saba za nini. Akasema za kushukuru. Nikasema salamu peke yake ni dakika kumi. Akafuta, akaandika kumi na saba, akaweka na dakika tatu za kutembea.

Leo alfajiri tukafika kwa Mama Kekeli. Akasalimia vizuri. Nilijivuna, Yawa, nilisimama kama mwenye duka. Akasema amekuja kwa ajili ya supu ya juzi. Mama Kekeli akalegea uso wote, akasema jamani ni supu tu ya kimaskini, sijui hata ilikuwaje.

Sefakor akamjibu! Akasema bamia zilikuwa laini, samaki alikuwa mzuri, chumvi ilizidi.

Chumvi! Nikakohoa mara tatu, lakini alishafika kwenye chumvi. Mama Kekeli akasimama. Akasema miaka thelathini mtaa huu unakula supu yake na hakuna aliyetaja chumvi. Kweli, hakuna aliyetaja. Miaka thelathini tunarudi nyumbani tunakunywa maji kama ng'ombe, lakini kutaja, hapana.

Njiani nikamwambia mwanangu, lile si swali, lile ni salamu. Akasema, "Mama, aliuliza ilikuwaje." Nikasema ndiyo, anakuuliza ili umwambie ilikuwa tamu. Akafikiri. Akauliza sasa mtu akitaka kujua kweli kama chumvi imezidi, anauliza vipi? Sijawahi kusikia mtu akitaka.

Nyumba tano zilizobaki nikasema zimesafiri.

Jumamosi, tarehe 9 Februari

Leo nimesikia zipu.

Nilikuwa jikoni. Nikachungulia. Amelitoa sanduku chini ya kitanda, analipangusa vumbi. Nikaenda kwenye matuta ya vitunguu, nikajifanya napalilia. Nilikuwa nalia tu. Nimeng'oa na vitunguu, vya kutosha kikapu. Mwenye shamba la jirani akaniuliza kulikoni, nikasema vitunguu hivi vikali. Vikiwa bado ardhini!

Sefakor akanifuata, akakaa juu ya tuta kwa suruali safi. Akaniuliza, "Mama, nasema sana au sisemi vya kutosha?" Nikasema yeye hana kosa. Akasema hilo nalo ni salamu, anataka jibu. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia kwenye simu miaka yote. Alipofika kule, kazini walimcheka. Akitaka kuomba ruhusa alianza na habari za nyumbani, za watoto, za hali ya hewa, wao wanatazama saa, wanamwambia sema shida yako. Alikuwa anajifungia chooni kulia. Akajifunza kusema shida kwanza. Akajifunza kushukuru hapo hapo, maana kule ukingoja kesho wanakuona hukushukuru. Imemchukua miaka. Sasa amerudi kwao na mdomo umekataa kurudi naye. Anauona unasema, na yeye yuko nyuma yake anaukimbiza.

Nikamshika mkono. Yawa, mimi nilidhani anaringa kidogo. Nisamehe, Mungu. Mtoto wangu alilia chooni na mimi huku nilikuwa nawaringia watu picha zake za theluji.

Tukarudi na kikapu cha vitunguu vichanga, tukala na samaki. Akanishukuru. Nikamwacha.

Lakini kesho baada ya kanisa tunakwenda kwa Togbi. Nimeshaamua. Nitasema mimi peke yangu, mwanzo mpaka mwisho. Yeye kazi yake kutabasamu.

Jumapili, tarehe 10 Februari

Nitaandika kwa utaratibu.

Tumefika. Nikaketi katikati, yeye huku, Togbi kule, kama ukuta. Tukapewa maji. Nikaanza. Nimesalimia mpaka mifugo. Sefakor anatabasamu. Wake wote wawili wapo, na watu wa kanisani watatu. Uani wanatwanga. Mambo yanakwenda kama yamepakwa mafuta.

Harufu ikaja. Leo poda ilikuwa nyingi zaidi na harufu pia. Sisi wote tukatazama kalenda. Nikaona pua ya Sefakor inacheza. Nikamjua. Nikakohoa mara moja. Akainamisha kichwa kutazama chini ya kiti cha Togbi. Nikakohoa mara mbili. Mara tatu. Nikakohoa mpaka mwanamke wa kanisani akanipiga mgongo. Nikaona haitoshi, nikaiangusha glasi ya maji kwenye mapaja yangu, nikapiga kelele, "Uwi!" Hakuna aliyenitazama.

Sefakor alishasema. Alisema hivi, kwa heshima, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Togbi, mguu wako unanuka. Una kidonda?"

Kutwanga kukakoma. Sijui uani walisikiaje.

Nikaanguka magotini nikaanza kuomba radhi, kwamba mtoto ametoka mbali, kwamba kule hakuna jua, kwamba mimi ndiye niliyemlea vibaya. Togbi akainua mkono. Nikadhani ananilaani. Alikuwa ananinyamazisha. Akamgeukia Sefakor. Akasema ndiyo. Kipo. Tangu mavuno ya mwisho wa mwaka.

Sefakor akamwuliza kwa nini hakusema.

Togbi akasema, "Nimwambie nani? Kila alfajiri watu wanajaa hapa kuniuliza nimelalaje. Nami nimelala vizuri. Mguu ndio haujalala."

Mke mdogo akaanza kulia. Akasema alijua, ila angeanzaje. Mke mkubwa naye alijua. Kumbe poda ni yeye alikuwa ananunua. Watu wa kanisani walijua. Mimi nilijua, Yawa, nilijua tangu Jumanne, nikatazama kalenda.

Sefakor akaomba maji ya moto, chumvi na kitambaa safi. Akapiga magoti akafungua mguu. Sitaandika nilichoona. Yeye hakukunja uso hata kidogo, alikuwa anauliza tu, panauma hapa? Hapa je? Na Togbi, mtu ambaye hata homa hajawahi kukiri, anajibu kama mtoto wa shule. Alipomaliza akasema yeye ataosha kila siku saa nne, lakini kesho mapema lazima hospitali, wampime sukari, na asibishe. Asibishe! Kwa Togbi Agbeko! Togbi hakubisha.

Chumba hakikutajwa. Nimerudi na kanga mbichi, sijui kama tumeokoka au tumezikwa.

Jumanne, tarehe 12 Februari

Jana Togbi alipelekwa hospitali kwa gari la mpwa wake. Sukari iko juu sana. Daktari amesema wangechelewa mwezi, mguu ungekatwa. Kapewa dawa na amri ya kurudi kila wiki. Mungu ashukuriwe, Mungu ashukuriwe. Naandika mara mbili.

Leo saa kumi na moja alfajiri natoka uani na kijiti changu cha mswaki mdomoni. Mtu yuko getini na fimbo. Nikadhani mwizi mzee. Ni Togbi! Ametembea mwenyewe, na mguu ule, na wake zake nyuma wamebeba viazi vikuu na kuku. Togbi haendi kwa mtu alfajiri. Watu ndio huenda kwake. Nikampigia Sefakor kelele. Akatoka na nywele zimesimama, akamtazama, akatazama saa, akasema, "Togbi, miadi yetu ni saa nne. Na nilisema usitembee."

Nilimeza kipande cha mswaki.

Togbi akacheka. Alicheka mpaka mke mkubwa akamshika kiuno. Akasema amekuja kwa ajili ya ile siku ya juzi, kushukuru, na ataketi kama ataruhusiwa. Akashukuru kama wanavyoshukuru wakubwa, taratibu, akianzia kwa mababu, akimtaja na marehemu mume wangu kwa jina. Mtaa mzima umesimama ukutani. Mama Kekeli alipanda ndoo. Mwisho akatoa ufunguo wa chumba. Akasema mahali penye watu wengi wa kuuliza umelalaje, panatakiwa hata mmoja wa kuuliza mguu.

Sefakor akaanza asante. Moja, mbili, tatu. Nikajikaza nisikohoe. Togbi akasema mwacheni ashukuru, mdomo ni wake.

Saa tatu Sefakor amewapigia simu watu wa ndege. Nilisimama nyuma ya mlango. Amekwenda mara moja kwenye jambo, kama kawaida yake: hasafiri. Yawa, nimekaa chini pale pale kwenye sakafu.

Jumatano, tarehe 13 Februari

Aibu nyingine, lakini ya furaha. Alfajiri nimeingia kumwamsha akashukuru kwa ufunguo. Kitanda kitupu! Kimetandikwa! Nikajua kaghairi, kaenda uwanja wa ndege. Nikavuta nguo ya kwanza niliyoiona, nikatoka mbio mpaka barabara kuu, nikasimamisha lori, nikasimamisha na pikipiki, nikimwuliza kila mtu kama kapita binti mwenye sanduku. Mwenye pikipiki akaniambia binti yangu yuko kwa Togbi, kamwona akiingia muda mrefu uliopita.

Nikakimbia huko. Yuko kwenye kigoda, miguu pamoja, mikono mapajani, anauliza habari za wajukuu. Mmoja mmoja, kwa majina. Alikuwa amefika kwa mjukuu wa tisa. Hakuna aliyemwamsha, hakuna aliyekohoa. Akaniona, akaniuliza mbona nimejifunga kitambaa cha meza.

Nilikuwa nimejifunga kitambaa cha meza.

Nashukuru kwa mtoto huyu. Nashukuru kwa mguu wa Togbi. Usiku huu nimejiambia, Abla, basi sasa. Mwanao ni mtu mzima. Acha kumsimamia ulimi.

Jumamosi, tarehe 16 Februari

Chumba kimefunguliwa! Tumefukuza panya, tumepaka chokaa, kuna mabeseni manne mapya. Watu wamejipanga kuanzia asubuhi. Mtaa mzima una miguu, kumbe! Walikuwa wanaificha.

Wa kwanza Mama Kekeli. Hasira ya chumvi imekwisha, au kucha zimemzidi. Hapo nikaona hatari. Sefakor atasema kitu, na huyu atakwenda nacho sokoni. Nikakumbuka wafalme hawasemi na watu moja kwa moja. Wana msemaji, neno likitoka kali yeye analilainisha. Nikavuta kiti nikakaa kati ya mlango na beseni.

Sefakor akatazama ile miguu, akasema haijasuguliwa sawasawa tangu mvua zilizopita.

Nikasema kwa sauti nzuri, "Anasema miguu yako imefanya kazi nyingi, mama."

Sefakor akasema ukucha huu umeoza.

Nikasema, "Anasema ukucha huu umechoka."

Mama Kekeli akanigeukia, "Abla, kwani mimi sina masikio? Mtoto anasema Kiewe! Unanitafsiria Kiewe kwa Kiewe?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Sefakor naye, mpaka kaangusha mkasi. Akaniomba kwa upole niende nyumbani nikapumzike. Akanishukuru mara nne. Wa pili kwenye foleni akasema yeye anataka aambiwe kama Togbi alivyoambiwa, bila sukari.

Nimefikiri sana njiani. Nimeliona kosa langu. Nilikuwa nasema baada yake. Msemaji mzuri anawahi. Jumatatu nitakaa nje, kwenye foleni, niwaambie watu maneno mazuri kabla hawajaingia, wakikutana na yale yake wawe wameshashiba. Yeye hatajua.

Kwa hiyo dada yangu, fanya hivi. Ile kofia yako pana ya jua, nijifiche uso, na kile kigoda kirefu cha marehemu mama, mpe dereva wa lori hili hili anayekuletea daftari, anarudi Jumapili jioni. Sefakor akipiga simu kukuuliza kama napanga kitu, mwambie nimelala vizuri. Na uniletee jibu upesi, upesi sana, maana foleni inaanza saa mbili.

Mdogo wako akupendaye,
Abla